Ukurasa wa Pili Umegandia Ukutani

Mimi nauza rangi. Naanza na hilo ili ijulikane kwamba sina faida yoyote ninapomsifu Kahaso. Kwa miaka kumi na minne niliyokaa Muyeye, hapa Malindi, hajanunua kwangu hata mkebe mdogo, na duka langu liko hatua thelathini tu kutoka mlangoni kwake. Nimempelekea vibao vya rangi achague. Nimempa bei ya jirani. Nimemwambia hata chokaa ingetosha, angalau ukuta uonekane ukuta. Yeye hunisikiliza kwa adabu zote, hunikaribisha chai, kisha huniambia, "Ndirangu mwanangu, rangi yako ni nzuri, lakini haisomeki."

Kuta zake amezivika magazeti. Nyumba yenyewe ni ya fito na udongo, na kila aliyelelewa katika nyumba kama hiyo anajua kwamba udongo ukizeeka huanza kudondoka, ukaingia kitandani, ukaingia hata kwenye uji. Dawa yake ni uji mzito wa unga wa ngano na gazeti kuukuu. Unapaka, unabandika, unasawazisha kwa kiganja, na vumbi linatulia. Sisi wa bara tumefanya hivyo, na Wagiriama wa hapa pwani wamefanya hivyo, kwa hiyo sikuja Malindi kushangazwa na gazeti ukutani. Kilichonishangaza ni alichokifanya Kahaso na magazeti hayo baada ya kuyabandika.

Marehemu mumewe, Mwaro, alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja hapa mjini. Kila Jumamosi alirudi na bunda la magazeti ya Kiswahili ambayo wenzake walikwisha kuyasoma. Kahaso wakati huo hakujua kusoma hata jina lake, na Mwaro alikuwa mtu wa haraka, basi walichagua upande wa kuonekana kwa macho tu: penye herufi kubwa ndipo palipotazama nje. Walibandika hivyo miaka na miaka, chumba kwa chumba. Baadaye Mwaro akaanza kumfundisha mkewe kusoma, na ukuta ndio uliokuwa ubao wao. Walianzia mlangoni, wakawa wanaelekea kitandani kidogo kidogo. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita. Siku aliyoweza kusoma habari nzima peke yake, kutoka kichwa hadi mstari wa chini, ndipo alipogundua walichokuwa wamekifanya. Mstari wa chini ulisema: Endelea Uk. 2. Na ukurasa wa pili ulikuwa mgongoni, umegandia udongoni kwa uji wa ngano. Akasoma habari ya pili, nayo ni hivyo hivyo. Nyumba nzima ilikuwa na mianzo mitupu.

Mtu mwingine angekasirika. Mimi ningekasirika, mimi hukasirika hata kifuniko cha mkebe kikikwama. Kahaso alicheka mpaka akakaa chini. Na jioni hiyo, Mwaro alipomuuliza kwa mzaha, "Haya, kisha ikawaje?" akamwambia ikawaje. Hajaacha kusema tangu siku hiyo, na Mwaro ana miaka zaidi ya ishirini kaburini.

Chukua ile iliyo karibu na dirisha: PUNDA AZUIA MSAFARA WA WAZIRI. Kwa mujibu wa Kahaso, waziri alishuka garini akamsukuma punda, punda akakataa. Polisi wakamsukuma, akakataa. Waziri alipoona anachelewa akampanda, na hapo ndipo punda alipotoka mbio. Waziri akaingia uwanjani juu ya punda, umati ukashangilia, watu wakidhani ni unyenyekevu. Tangu hapo kila mgombea akamtaka punda yule yule. Chama kimoja kikamwomba awe mwenyekiti wake. Punda akakataa. Alisema kubebeshwa watu amekuzoea, lakini kubebeshwa lawama hawezi.

Au ile ya juu ya meza: SUKARI KUJAA MADUKANI WIKI IJAYO. Kahaso anasema wiki hiyo iliondoka Nairobi kweli, watu waliiona ikipanda gari, lakini ilipata pancha Mtito Andei na mpaka leo iko pale inangoja jeki. Mwakilishi wetu wa wadi alipopita kuahidi maji ya mfereji, Kahaso alimuuliza kwa heshima kama njiani hakupishana na wiki hiyo. Mheshimiwa hakuelewa. Sisi tulielewa, na tukaangalia viatu vyetu.

Na ipo ile ambayo bado inaniuma kidogo: SIMBA AINGIA KANISANI IBADA IKIENDELEA. Kahaso anasema mchungaji, alipoona waumini wote wako macho kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, hakutaka kuipoteza nafasi, akaongeza mahubiri. Simba akakaa benchi la nyuma kama wengine wanaochelewa. Akavumilia mahubiri, akavumilia kwaya tatu. Yalipoanza matangazo akanyanyuka, akaenda zake msituni, kwa sababu hata mnyama ana mpaka wake. Mimi ndiye msoma matangazo katika kanisa letu. Nilicheka, lakini kwa upande mmoja wa mdomo.

Watu walikuwa wakija kwake kwa ajili hiyo. Mtu amepimwa shinikizo la damu likaonekana limepanda, anapitia kwa Kahaso kabla ya kufika nyumbani. Watu wamefiwa, wakimaliza matanga wanakwenda kukaa kwenye mkeka wake na kuonyesha kidole ukutani: mama, tupe ile. Wengine katika kusimulia hutia chumvi. Huyu huinjika chungu kipya. Nami nilikuwa nikifunga duka saa sita mchana ili nikale muhogo wangu kule, na sioni haya kukiri kwamba nilimwonea wivu, kwani mimi katika maisha yangu yote sijamfanya mtu hata mmoja asahau maumivu ya jino.

Habari niliyoipenda kuliko zote ilikuwa juu ya kichwa cha kitanda, ukurasa wa mwisho alioubandika Mwaro kwa mkono wake. Ni wa Jumatatu moja ya Agosti 1994: BWANA HARUSI ATOROKA, ADANDIA LORI LA KABEJI. Chini yake mistari minne tu, kwamba ilitokea huko bara, kanisa limejaa, kwaya inaimba, na bwana harusi ametorokea mlango wa nyuma. Endelea Uk. 2. Kwa Kahaso hiyo haikuwa na mwisho, ilikuwa na misimu. Bwana harusi alishushwa Mombasa na suti yake ikinuka kabeji, akadhaniwa mkaguzi wa mboga kutoka wizarani, akapewa ofisi. Akaposa Lamu, mlango wa nyuma ukafungwa kwa kufuli, akatorokea dirishani. Mara ya mwisho nilipomsikia alikuwa Sudan, amechumbia mjane mwenye ngamia kumi na wawili, na ngamia wote wamefundishwa kukimbia.

Mwezi wa tatu mwaka huu nilimrekodi kwa simu yangu akisimulia kipande cha Sudan, kitanda na gazeti lenyewe vikionekana nyuma yake. Nilikipeleka kwenye kundi la ukoo wetu, nikidhani nawafurahisha wajomba. Wajomba wakakipeleka kwingine, na huko kwingine kukakipeleka kwingine. Maji yakimwagika hayazoleki. Baada ya wiki mbili kilikuwa kimezunguka bara yote, na katika kila simu iliyokifungua ilisikika sauti ya mwanamume mmoja akicheka nyuma ya kamera kwa kicheko kibaya cha kukoroma. Mwanamume huyo ni mimi.

Alhamisi moja asubuhi mwanamke akasimama mbele ya kaunta yangu. Umri wake ulikuwa hamsini na kitu, kitenge kizuri, mikono ya mtu aliyebeba magunia. Nikamuuliza anataka rangi gani.

"Wewe ndiye unayecheka kwenye ile video?" aliniuliza.

Nikakubali, kwa sauti ndogo. Akaniambia anaitwa Waruguru, anauza viazi na mboga kwa jumla pale Kilifi, na ameondoka huko alfajiri. Akaomba nimpeleke kwa huyo mama mwenye kuta. Njiani hakusema neno lingine, nami kwa mara ya kwanza niliona hatua thelathini ni safari.

Kahaso alikuwa kibarazani akichagua mchele. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akamkaribisha mgeni kitini. Waruguru hakukaa. Alipita moja kwa moja hadi ndani, akasimama mbele ya kitanda, akasoma ile mistari minne kwa kidole. Halafu akageuka.

"Bibi harusi ni mimi," alisema.

Sijui wewe ungefanya nini. Mimi nilitafuta kitu cha kuangalia nikakuta punda na waziri. Kahaso, aliyetufuata ndani, aliweka ungo wa mchele chini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Waruguru akasema yote, tena bila kupaza sauti, jambo lililonitisha zaidi. Alisema ameolewa baadaye na mtu mwema, ana watoto watatu wakubwa, biashara inakwenda, na kwamba haikuwa mapenzi yaliyomleta. Kilichomleta ni ukurasa wa pili. Lile gazeti lilipotoka, mwandishi alikuwa amekwisha kumpata yule mwanamume na kumuuliza sababu. Kijiji kizima kiliisoma. Kaka yake alichoma nakala ya nyumbani asije akaiona, na wote waliosoma kwingine wakakubaliana, kwa huruma yao, wasimwambie. Kwa hiyo kwa miaka thelathini na moja kila aliyeinamisha macho sokoni alijua kasoro yake, na yeye mwenyewe haijui. Kwenda kuitafuta kwenye maktaba hakuwahi kuthubutu. Aliona aibu kumwomba karani mgeni amtolee aibu yake rafuni. Halafu mtoto wake akamletea video, akicheka, bila kujua. "Watoto wangu hawajui kwamba niliachwa," alisema.

Nilitamani kuomba msamaha. Yeye hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akimtazama Kahaso.

"Nimekusikiliza mara nyingi, mama. Unasimulia vizuri, siwezi kukataa. Lakini umemfuata mwanamume huyo mpaka Sudan. Mimi uliniacha palepale kanisani."

Nilimjua Kahaso kuwa mtu asiyekosa jibu. Nimemwona akimnyamazisha askari wa kaunti, nimemwona akimnyamazisha mchungaji wangu. Siku hiyo alikaa ukingoni mwa kitanda, akaitazama ile habari kwa muda mrefu, na midomo yake ikitikisika kama anaisoma upya.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Sikurudi nyuma hata siku moja kukutazama. Nilimfuata anayekimbia kwa sababu anayekimbia ndiye mwenye vituko. Nisamehe, mwanangu."

Halafu akainuka, akaenda jikoni kuinjika maji.

Nilidhani ni ya chai. Alirudi na sufuria ya maji ya vuguvugu, kitambaa cha kanga na mwiko bapa wa mti, akavuta kitanda kutoka ukutani. Nilipofahamu anachotaka kufanya nilimshika mkono. Nilimkumbusha kwamba huo ndio ukurasa wa Mwaro. Nilimwambia udongo wa nyuma umezeeka, ukibandua karatasi kipande cha ukuta kinaweza kushuka nacho. Nilimwambia hata mambo ambayo fundi hapaswi kumwambia mteja asiyenunua. Akanitazama kwa upole. Alisema Mwaro aliubandika ukurasa ule ili vumbi lisimwingie yeye machoni, hakuubandika ili umfiche mtu. Basi nikakimbia dukani kuchukua pati langu la chuma la kukwangulia rangi. Akalikataa. Alisema hilo ni la kubandua, na yeye anataka kubembeleza.

Ilichukua saa mbili na nusu. Alilowesha kona ya kushoto, akangoja, akalowesha tena. Alikuwa akiweka sikio karibu, akisema uji ukilegea husikika. Mwiko uliingia nyuma ya karatasi unene wa ukucha kwa wakati mmoja. Waruguru alishika upande wa chini kwa viganja viwili, wala hakuna aliyemwambia ashike. Mimi nilibadilisha maji. Udongo ulidondoka kidogo kidogo kwenye mto, na kila ulipodondoka Kahaso alisema "pole" kwa ukuta. Mgongo wake ulikuwa ukimuuma, niliuona unavyomuuma, mwanamke wa miaka sabini na mbili amepiga magoti juu ya udongo wake mwenyewe kwa ajili ya mtu aliyemjua tangu asubuhi. Nilimpenda sana saa ile. Naandika hilo waziwazi kwa kuwa kumwambia siwezi.

Karatasi ikatoka. Haikutoka yote, utepe wa upana wa vidole vitatu, ule wa chini kabisa, ulikataa, ukabaki ukutani. Lakini ukurasa ulikuwa mzima kiasi cha kusomeka. Tuliulaza kwenye ungo tulioutoa mchele, uso wa pili ukitazama juu, umejaa madoa ya uji mkavu. Waruguru alifumba macho akaniambia nisome mimi, kwa kuwa nilikuwa na sauti ya kucheka basi nijaribu na hii. Nilistahili. Nikasoma.

Mwandishi alieleza habari ya lori, kisha akaandika hivi: "Wageni walipoanza kuondoka kwa huzuni, bibi harusi, mwenye umri wa miaka 24, alisimama mbele yao angali amevaa shela na kuwaomba waketi. 'Chakula kimeiva. Mlikuja kula na mtakula,' aliwaambia. Wageni wapatao mia mbili walirudi kuketi. Bibi harusi mwenyewe aliwapakulia mpaka sufuria ya mwisho. Mzee mmoja wa kanisa alimwambia mwandishi wetu kwamba amehudhuria harusi nyingi, lakini hiyo ndiyo atakayowasimulia wajukuu."

Niliinua uso kutoka kwenye ungo. Waruguru alikuwa amefumbua macho.

"Aliyesema hayo ni mama," alisema. "Mama ndiye aliyewaambia wakae. Mimi nakumbuka nikilia stoo."

Kahaso akachukua ungo, akasogeza ukurasa karibu na macho yake yaliyojifunza kusoma kwa shida, akapitisha kidole juu ya maneno. "Hapa pameandikwa bibi harusi," alimwambia. "Mama yako hakuvaa shela. Stoo ulikwenda baadaye, mwanangu. Ulipomaliza kupakua."

Waruguru alitazama mikono yake, mbele na nyuma. Alianza kusema kitu kuhusu sufuria, kwamba sasa anakumbuka uzito wa sufuria, kwamba mwiko ulikuwa moto na mtu fulani alimpa leso ya kuushikia. Machozi yalimtoka nami yakanitoka, na sitasingizia vumbi.

Baada ya muda nikakumbuka kwamba habari haikuwa imekwisha. Mstari wa mwisho kwenye ukurasa ulisema: "Alipopatikana jana jioni, bwana harusi alimweleza mwandishi wetu kuwa sababu ya". Yaliyofuata yalikuwa kwenye ule utepe uliobaki, umegandia, maandishi yake yakitazama udongo. Kile alichokifuata kutoka Kilifi kilikuwa pale, vidole vitatu tu, na maji bado yalikuwa ya vuguvugu. Kahaso akachovya kitambaa, akakikamua, akakipeleka ukutani.

Waruguru akamshika kifundo cha mkono.

"Basi, mama."

"Hutaki kujua?" Kahaso alimuuliza. "Yatatoka. Nipe nusu saa."

"Nilitaka kujua nilikosa nini," Waruguru alisema. "Nimesoma, nimeona nilichofanya siku hiyo. Huyo mwache hapo ukutani."

Kahaso alikirudisha kitambaa sufuriani. Akapangusa magoti, akaketi kwenye mkeka ambao sisi wengine hukaa tunapomsikiliza, akamwomba mgeni amsomee ile habari tangu mwanzo, polepole, kwa kuwa leo yeye ndiye msikilizaji.

Waruguru aliuchukua ungo kwa mikono miwili. Nilimsogezea kiti. Akakitazama, akakisukuma pembeni kwa mguu, akasoma akiwa amesimama.